Baruti ya Duarani Inapofika Baharini



Neno "mwamba" unalijua. Hapa kwetu Geita mwamba ni jiwe gumu la chini ya ardhi, na ndani yake mna dhahabu. Mchimbaji hushuka duarani, hutoboa mwamba, hutia baruti, hupanda juu, na mwamba hupasuka. Kule pwani wana neno hilo hilo. Lakini mvuvi wa Tanga au Mtwara akisema anakwenda mwambani, hana habari ya dhahabu. Anakwenda mahali penye samaki wengi kuliko pengine popote karibu na ufuko.

Nataka kuzungumza juu ya miamba hii miwili kwa sababu wako watu wanaoiunganisha, nao wanaiunganisha kwa baruti.

Miaka michache iliyopita nilipelekwa Tanga kwenye semina ya walimu wa kisomo. Siku ya Jumapili hatukuwa na kazi. Mzee mmoja mvuvi alikubali kunichukua katika ngalawa yake nikaione bahari. Akaniuliza natoka wapi. Nikasema, Geita. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndio ninyi. Zile fataki zinazoua mwamba wetu zinatoka kwenu huko kwenye dhahabu."

Niliona nimeonewa. Mimi kazi yangu ni chaki na kitabu. Nikamjibu, "Mzee wangu, kutoka Geita mpaka hapa ni zaidi ya kilometa 1,000."

Akacheka. "Mwanangu, mbona kanga za huku zinafika kwenu?"

Sikuwa na jibu. Alinipa miwani ya kuzamia akaniambia nishike ubavu wa ngalawa nitazame chini. Mimi si mwogeleaji. Nilishika kwa mikono miwili.

Mahali pa kwanza alipotia nanga niliona kitu nisichoweza kukisahau. Chini palikuwa kama bustani. Palikuwa na mawe yenye umbo la uyoga, mengine yenye matawi kama pembe za swala, mengine ya mviringo kama mtungi uliofunikwa. Rangi zilikuwa kahawia, njano na zambarau. Samaki walikuwa wakiingia na kutoka kama watu wa mnada. Mahali pa pili hapakuwa mbali. Pale palikuwa na vipande vipande tu, kama kokoto za karasha, na juu yake pamefunikwa na majani ya kijani yenye utelezi. Niliona samaki watatu wadogo. Mzee akasema, "Hapa nilikuwa nikivua na baba yangu."

Mawe yale huitwa matumbawe. Ukweli wake ni wa ajabu kidogo, basi soma polepole. Tumbawe si jiwe tu, wala si mti. Ni nyumba iliyojengwa na vinyama vidogo sana, maelfu kwa maelfu, vinavyokaa pamoja kama mchwa katika kichuguu. Kila kinyama hujenga kikombe chake cha chokaa. Kikifa, kingine hujenga juu yake. Ndani ya mwili wa vinyama hivyo huishi mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wake. Kwa hiyo matumbawe ya mwambani yanahitaji maji safi yanayopitisha mwanga.

Nyumba hiyo hujengwa polepole. Tumbawe la mviringo huongezeka kiasi cha sentimeta 1 hivi kwa mwaka. Yale ya matawi hukua haraka zaidi, mengine sentimeta 10 au zaidi kwa mwaka, lakini huvunjika upesi. Ukiona tumbawe la mviringo lenye kimo cha mita 1, ujue lilianza kujengwa kabla babu yako hajaoa.

Sasa, tumbawe lina mshindani. Mshindani huyo ni mwani, yaani majani ya baharini. Uko mwani mrefu kama mboga, na uko mwani mfupi kama ukungu juu ya jiwe. Wote unataka kile kile anachotaka tumbawe: mahali pa kushika na mwanga wa jua. Lakini mwani hauna kazi ya kujenga nyumba. Hukua kwa siku na majuma, wakati tumbawe linahesabu miaka. Ukipata nafasi hufunika jiwe lote, hushika matope, hulitia tumbawe kivuli na kulisonga. Kibaya zaidi ni kwa watoto wa tumbawe. Hao wanapozaliwa huelea majini kwa siku kadhaa wakitafuta jiwe safi la kukaa. Wakikuta kila jiwe limevaa mwani, hawana pa kushika. Huo ndio mwisho wao.

Sisi wakulima jambo hili hatulioni geni. Shamba la pamba usipolipalilia Januari, usilaumu mvua. Magugu hayahitaji kupandwa wala kutiwa samadi.

Basi, nani anapalilia baharini? Samaki. Yupo pono, mwenye meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku. Yeye hukwaruza jiwe kutwa nzima. Mtu akizama na kutulia husikia meno yake yakikwaruza. Chokaa anayoimeza hutoka kwake ikiwa mchanga, na sehemu ya ule mchanga mweupe wa pwani unaosifiwa na watalii imepitia tumboni mwa pono. Yupo kangaja, yupo tasi. Wote hao hula mwani. Viko pia vinyama vyenye miiba kama nungunungu, navyo hula mwani, lakini vikizidi huuguguna na mwamba wenyewe. Huko Kenya watafiti waliona hivyo kwa miaka mingi: palipovuliwa sana samaki aitwaye kikande, ambaye hula vinyama hivyo vya miiba, vilizaana mno na mwamba ukaliwa. Wafugaji mnaelewa. Ng'ombe kumi katika malisho husaidia, ng'ombe mia huacha vumbi.

Nisije nikaeleweka vibaya kuhusu mwani. Mwani si adui. Huko Unguja, katika vijiji kama Paje na Jambiani, wanawake wamelima mwani ufukweni kwa ajili ya kuuza tangu mwaka 1989, na wengi wamejenga nyumba na kusomesha watoto. Ninachosema ni kwamba mwambani kila mmoja ana kiasi chake, na anayelinda kiasi hicho ni samaki aliye hai.

Hapa ndipo baruti inapoingia.

Mvuvi haramu huwasha utambi na kurusha baruti mahali samaki walipokusanyika. Mshindo wake ndani ya maji hupasua kifuko cha hewa kilicho tumboni mwa samaki. Wengine huelea, nao ndio wanaookotwa. Wengi huzama na kuoza chini. Wakubwa hufa, wadogo hufa, na mayai hufa. Pale chini matumbawe yaliyojengwa kwa miaka mingi huvunjika kuwa kokoto kwa dakika moja. Kokoto hizo hubingirishwa na mawimbi, na mtoto wa tumbawe akishika moja husagwa. Zaidi ya hayo wapalizi wameuawa. Pono hayupo, tasi hayupo. Mwani umeachiwa shamba. Mshindo mmoja umeua pande zote mbili: umevunja nyumba, na umeua anayeifagia. Ndiyo maana pale mahali pa pili nilipotazama palikuwa vile, ingawa mzee aliniambia milipuko ya hapo ilikwisha zamani.

Uvuvi huu ulianza pwani yetu katika miaka ya 1960. Sheria imeukataza tangu mwaka 1970, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inaukataza pia. Hata hivyo uliendelea. Mwaka 2015 watafiti walizunguka pwani nzima ya Tanzania Bara wakiwa na chombo cha kusikiliza sauti chini ya maji. Walisikia milipuko 318. Zaidi ya nusu ilikuwa karibu na Dar es Salaam, mji wenye polisi wengi kuliko yote. Jambo hilo lilinisikitisha kuliko idadi yenyewe. Baadaye serikali iliviunganisha vyombo vyake, polisi na uvuvi na wengineo, na milipuko ikapungua sana. Tushukuru. Lakini kupungua kwa mshindo si kurudi kwa mwamba. Mwamba uliovunjika mwaka 2015 bado ni mtoto, hata kama kila kitu kimekwenda vizuri.

Baruti ilitoka wapi? Nyingine hutengenezwa kienyeji. Lakini imejulikana kwa muda mrefu kwamba nyingine hutoka kwenye machimbo ya madini, kwenye machimbo ya kokoto na kwenye ujenzi wa barabara. Baruti haioti kama uyoga. Kila fataki iliyotoka huko ikalia baharini ilipita kwanza katika mkono wa mtu aliyeipata kwa kazi halali, na mtu huyo akakubali kuiuza. Huenda hakuuliza inakwenda wapi. Mimi nasema alipaswa kuuliza. Nasema hivyo nikijua bei anayopewa, na nikijua kwamba wapo wachimbaji wanaomaliza mwezi bila kuona hata punje ya dhahabu.

Nilipoyasimulia haya darasani, katika kijiji kimoja hapa Geita, mama mmoja alinyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, sisi bahari hatuijui. Hao samaki hatuwali. Sisi tunakula dagaa na sangara wa ziwani. Ya nini kutuchosha?"

Nilimwambia, "Mama, tuanze basi na hilo ziwa."

Wazee wa Nkome na wa visiwani wanakumbuka furu. Walikuwa samaki wadogo, aina mamia, na wengi wao walipatikana katika Ziwa Viktoria tu, si mahali pengine duniani. Wako waliokula samaki wenzao, wako waliokula konokono, na wako waliokula mimea midogo inayoelea na kulifanya ziwa kuwa la kijani. Sangara aliletwa ziwani katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 aliongezeka kupita kiasi, na aina nyingi za furu zikatoweka. Wakati huo huo udongo na mbolea kutoka mashambani viliingia ziwani kwa wingi, na maji machafu ya miji pia. Mimea ile midogo ikapata chakula kingi, na walaji wake wengi hawapo. Maji yakawa ya kijani zaidi kuliko siku za wazazi wetu, na mwanga haufiki mbali chini kama zamani. Sangara ametuletea fedha, sikatai. Viwanda vya Mwanza vimeajiri watu wengi. Lakini ziwani hakuna matumbawe na bado jambo ni la namna ile ile: mlaji wa majani akiondoka, majani hujaa.

Hata uvuvi haramu tumeuona matunda yake. Mwaka 1999 nchi za Umoja wa Ulaya zilikataa samaki wa Ziwa Viktoria, kwa sababu wapo watu waliokuwa wakivua kwa sumu. Waliotia sumu walikuwa wachache. Waliokosa soko walikuwa wote, pamoja na mvuvi mwaminifu na mama muuza chakula aliyemtegemea.

Mama yule alikubali kuhusu ziwa. Kuhusu bahari bado alisitasita. Ndipo mzee mmoja aliyetoka upande wa Shinyanga akanisaidia bila kuombwa. Akasema, "Hiyo miamba iliyofungwa, mbona ni ngitili?"

Nilifurahi sana, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimefikiri hivyo. Sisi Wasukuma tunajua ngitili. Ni sehemu ya malisho inayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zipone na miti ichipue, kisha mifugo ifunguliwe wakati wa kiangazi. Shinyanga miti ilifyekwa mno, kwanza kwa ajili ya kuondoa mbung'o, kisha kwa ajili ya pamba na kuni. Mwaka 1986 ilipoanza kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoitwa HASHI, ngitili zilizobaki zilikuwa chache sana. Katika miaka ya 2000 zilikuwa zimefika zaidi ya hekta 300,000. Kazi ile haikufanywa kwa matrekta. Watu walikubaliana kufunga, wakaheshimu, na ardhi ikafanya iliyobaki.

Pwani nao wamefanya hivyo. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, mwamba wake wa upande wa magharibi umefungwa kwa uvuvi tangu mwaka 1994. Huko Mafia lipo Hifadhi ya Bahari tangu mwaka 1995. Vijiji vya Tanga navyo vilikubaliana katika miaka ya 1990 kufunga baadhi ya miamba yao. Palipofungwa kweli, samaki huongezeka, na wengine huvuka mpaka wakavuliwa na wavuvi wa nje. Mfugaji wa Meatu hahitaji kuelezwa mara mbili.

Mtu anaweza kusema kwamba siku hizi adui mkubwa wa matumbawe ni joto. Ni kweli. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kawaida. Matumbawe yalifukuza ile mimea midogo iliyo ndani yake, yakawa meupe, na mengi yakafa, hasa huko Mafia. Mwaka 2016 yalibadilika rangi tena. Joto hilo linaletwa zaidi na moshi wa viwanda, magari na mitambo ya dunia nzima, na sisi wa Geita hatuwezi kulizima kwa ndoo. Lakini fikiria miamba miwili iliyopigwa na joto mwaka mmoja. Mmoja una pono na kangaja wa kutosha, nao huyakwaruza mawe yaliyokufa yakabaki safi, na watoto wa matumbawe hupata pa kukaa. Mwingine umepigwa baruti, na mwani unaufunika kabla ya watoto hao kufika. Joto ni lile lile. Tofauti ni wapalizi. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba, kwa vile kuna joto, fataki kumi na mbili si kitu.

Nimeitaja idadi hiyo kwa sababu yangu.

Katika darasa langu yumo mwanafunzi mmoja mwenye umri wa miaka hamsini hivi. Analinda stoo ya baruti katika machimbo madogo, ambayo sitayataja. Alijiunga na kisomo kwa sababu ya kazi hiyo. Zamani mtu mwingine alimwandikia daftari, naye akatia dole gumba. Kwa mujibu wa Sheria ya Baruti ya mwaka 1963, huwezi kununua baruti, kuiweka wala kuisafirisha bila kibali, na baruti hairuhusiwi kuzagaa bila hesabu. Lakini hesabu iliyoandikwa na mtu mmoja na kutiwa dole na mtu asiyejua kusoma ni hesabu ya mtu mmoja tu.

Alipomaliza hatua ya pili ya kusoma, alianza kuliandika daftari mwenyewe. Jioni moja alikuja nyumbani kwangu akiwa amelifunga katika mfuko wa nailoni. Siku hiyo zilikuwa zimetolewa fataki 40. Matundu yaliyolipuliwa yalikuwa 28, na aliyahesabu mwenyewe mishindo yake akiwa juu. Hakuna hata moja iliyorudishwa stoo. Mlipuaji alimwambia aandike kwamba 40 zimetumika. Alimwambia pia kwamba watu wa kulinda stoo wako wengi mjini.

Sisemi kwamba zile 12 zilikwenda baharini. Zaweza kuwa ziliuzwa duara la jirani. Lakini fataki ikishatoka nje ya daftari haina tena mwenyewe, na yeyote anaweza kuipeleka popote.

Akaniuliza, "Mwalimu, niandike ngapi?"

Ni rahisi kwangu kusema, kwa sababu mshahara wangu hautoki kwenye duara lile. Yeye ana watoto sita. Ndiyo maana naona si haki kumwachia mlinzi mmoja mzigo huu. Kila machimbo yaweke watu wawili wa kutia sahihi, mmoja wa stoo na mmoja aliyechaguliwa na wachimbaji wenyewe, na wote wawili wawe wanajua kusoma. Fataki zinazobaki zirudishwe mbele yao jioni ile ile. Mwenyekiti wa kijiji alione daftari kila mwezi. Ofisi ya Tume ya Madini inapokuja kukagua isiishie kutazama kufuli na paa la stoo, ihesabu. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Linahitaji watu wanaojua kuandika namba na wasioogopa kuisoma kwa sauti, na watu hao sasa tunao. Wamo madarasani mwetu kila jioni.

Nilimwambia, "Andika ulizozihesabu."

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akafungua daftari juu ya goti, akaandika: zimetolewa 40, zimetumika 28, hazikurudishwa 12. Aliandika kwa penseli, kwa herufi kubwa, akizikazia sana. Akazitazama. Akaniuliza kama nina kalamu ya wino.